Kompyuta ya mwanao imechomekwa lakini haichaji? Usitume fedha kwanza

Simu iliingia Jumapili saa mbili usiku nikiwa napakua chakula. Binti yangu anasoma mwaka wa pili chuoni Dodoma, na saa hizo hapigi bila shida.

"Mama, shikamoo. Laptopu imekufa."

Nikamuuliza imekufaje. Akasema haichaji, na fundi mmoja karibu na hosteli ameshaiangalia. Amesema mazabodi imeungua. Anataka shilingi 280,000, nusu itangulie kesho asubuhi.

Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilitakiwa Ijumaa. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya ada na sare za mdogo wake. Mzazi mwenzangu, unayajua mahesabu yanayopita kichwani wakati kama huo: nimkope nani, kikoba kinakutana lini, na huyo fundi anasema kweli au ameona mtoto wa mbali na kwao?

Nilishafika kwenye kuandika namba ya siri ya kutuma fedha. Kilichonizuia si busara, ni salio. Halikutosha. Ikabidi nimpigie kaka yangu aliyeko Mbeya nimkope. Kaka huyo anatengeneza kompyuta, ndiyo kazi inayomlisha. Ndiyo, nina fundi ndani ya ukoo na usiku ule sikumkumbuka kama fundi, nilimkumbuka kama mkopeshaji.

Habari ya fedha hakuijibu. Aliuliza, "Dada, ikiwa kwenye umeme inawaka?"

Sikujua. Akaniambia nimuunganishe binti kwenye simu, tuongee watatu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Ukichomeka chaja, inawaka?"

"Inawaka mjomba, naitumia kama kawaida. Ila umeme ukikatika tu, nayo inazima papo hapo. Jana imeniondokea na kurasa nne."

"Ukipeleka kishale kwenye alama ya betri, pale chini kulia, inasemaje?"

"Inasema imechomekwa lakini haichaji."

"Basi hiyo haijafa. Mwambie fundi asubiri."

Umeme umeingia, betri haipokei

Nilichojifunza usiku ule ningependa kila mzazi mwenye mtoto mwenye kompyuta mpakato akijue, kwa sababu maneno yale kwenye kioo yana nusu mbili na nusu ya kwanza ni habari njema. Kompyuta ikikuandikia kwamba imechomekwa, maana yake umeme umetoka ukutani, umepita kwenye waya, umepita kwenye kile kidude kizito cha chaja, na umeingia ndani ya mashine. Mashine inaishi kwa umeme huo. Kinachokataa ni hatua moja tu, ya kupeleka umeme kwenye betri.

Hatua hiyo ina mlinzi wake ndani ya kompyuta. Kazi yake ni kuamua kama betri ichajiwe au isichajiwe, na anakataa kwa sababu kadhaa. Huenda ameambiwa akatae. Huenda mashine imepata joto. Huenda haiamini chaja uliyoichomeka. Huenda betri imezeeka. Na ndiyo, huenda mlinzi mwenyewe ameharibika, na hapo ndipo mazabodi inapoingia kwenye mazungumzo. Lakini hiyo ni sababu ya mwisho kwenye foleni, tena ndiyo ghali kuliko zote. Fundi anayeanzia hapo ndani ya dakika tano, bila kujaribu chaja nyingine, muulize amefikaje.

Kama kompyuta haiwaki kabisa hata ikichomekwa, na taa ya chaja nayo haiwaki, hiyo ni kesi nyingine na inaanzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inafanya kazi. Acha ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani. Plagi ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ndogo ndani yake, nayo huungua. Angalia pia kipande cha waya kinachotoka ukutani kwenda kwenye chaja. Kipande hicho huchomoka, na kikilegea kidogo tu chaja nzima inaonekana imekufa. Hiki unaweza kukinunua peke yake bila kununua chaja nzima.

Wengi wetu hukimbilia kusema "umeme wa jioni ni mdogo". Chukua chaja ya laptopu usome mgongoni pameandikwa nini. Nyingi zimeandikwa zinapokea volti 100 hadi 240. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo hata ukishuka mpaka taa ya sebuleni ikawa kama mshumaa, chaja bado inaweza kufanya kazi yake. Kinachoua chaja zaidi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Umeme ukikatika, mfundishe mtoto kuchomoa, asubiri urudi na utulie ndipo achomeke tena.

Iligandia asilimia ngapi?

Tuliporudi kwenye simu, kaka aliuliza swali ambalo kwangu lilikuwa geni. "Imegandia asilimia ngapi?"

"Sifuri mjomba."

"Ungesema themanini ningecheka, nikalale."

Hapa kuna kundi zima la watu wanaohangaika na kompyuta isiyo na ugonjwa wowote. Betri za kisasa hazipendi kukaa zimejaa muda wote, hasa kwenye joto. Ndiyo maana watengenezaji wengi wameweka mpangilio unaozuia betri isijae. Lenovo wanao, ASUS wanao, HP na Dell wanauweka mpaka kwenye mipangilio ile ya ndani inayofunguliwa wakati mashine inawaka, na kompyuta za Apple zinaweza kujizuia kwenye 80 zenyewe. Kompyuta ikifika hapo inaandika kwamba imechomekwa lakini haichaji, na inasema kweli kabisa.

Jirani yangu mmoja alirudisha laptopu ya mwanawe dukani mara mbili akidai ameuziwa bovu kwa sababu inagandia 80. Laptopu za mitumba zinazotoka nje mara nyingi zilikuwa za maofisini, mezani, zimechomekwa mwaka mzima, na aliyekuwa akizitunza aliweka kizuizi hicho. Inauzwa, inasafiri, inafika kwako na kizuizi chake. Fungua programu ya mtengenezaji iliyomo ndani ya kompyuta, tafuta sehemu ya betri, na utakiona. Mimi kwa maoni yangu kiache kama mtoto anasomea nyumbani penye umeme. Kiondoe kama anaibeba kwenda darasani kutwa nzima.

Betri ya binti yetu ilikuwa sifuri, kwa hiyo halikuwa hilo. Kaka akauliza kompyuta imekaa wapi. Akajibu iko kitandani, juu ya blanketi. Akaambiwa aiweke mezani.

Laptopu nyingi huvuta hewa kwa matundu ya chini. Kwenye godoro matundu yanazibwa, feni inapiga kelele, na joto linapanda. Betri za aina hii kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45 hivi, na mlinzi akilipima joto hilo anasimamisha kuchaji mpaka zipoe. Chumba cha bati mchana wa jua kinatosha kufanya kazi hiyo bila hata godoro. Izime, iache mezani nusu saa, jaribu tena. Haigharimu kitu.

Kisha akamwelekeza jambo ambalo mafundi wengi hulifanya kwanza na kulitoza hela. Zima kompyuta kabisa, si kuifunika tu. Chomoa chaja. Kama betri ni ya kutoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha betri, chomeka chaja, washa. Kinachofanyika ni kwamba umeme mdogo uliobaki ndani ya mashine unaisha, na yule mlinzi anaanza upya akiwa na akili safi. Mara nyingine inatibu palepale.

Kwa binti haikutibu. Tulisubiri kwenye simu, tukamsikia akihesabu mpaka thelathini kwa sauti kama mtoto wa chekechea, akawasha, akasema, "Bado mjomba."

Chaja hii ndiyo ile?

"Chaja hiyo ndiyo iliyokuja na mashine?"

Kimya. Mtandao ulikuwa mzuri, nilikuwa nasikia redio ya chumba cha jirani yake.

"Ndiyo mjomba."

"Isome mgongoni." Akasoma: volti 19.5, ampea 3.34. "Hiyo ni wati 65, inatosha. Nitumie picha yake, na picha ya ncha inayoingia kwenye kompyuta."

Picha zikaja kwenye kundi la familia. Kaka aliangalia ncha. Mimi niliangalia shingo ya waya.

Laptopu ile tulimnunulia ya mitumba, na chaja iliyokuja nayo ilikuwa imechanika kidogo pale waya unapoingia kwenye chaja. Baba yake aliizungushia utepe mweusi wa umeme, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ikawa kama kidole chenye bandeji. Chaja ya kwenye picha haikuwa na utepe. Ilikuwa inang'aa.

Nilitaka kusema kwa ukali. Kwa bahati kaka alikuwa bado anazungumza habari za ncha, nikapata nafasi ya kumeza mate. Nikasema, "Mwanangu, ile yenye utepe wa baba iko wapi?"

Akaanza kulia. Ile ilibaki kwenye basi aliporudi kutoka likizo, wiki tatu zilizopita. Hakusema kwa sababu mwaka jana alipopoteza simu nilimsema mbele ya wageni, na nilisema maneno ambayo hata mimi nayakumbuka. Akachukua shilingi 15,000 kwenye fedha ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, akanunua chaja kwa muuzaji wa barabarani. Ikawasha mashine. Akafurahi. Betri ikashuka siku kwa siku hadi sifuri, naye akadhani ni kawaida yake kuwa nzito kujaa.

"Na kila ninapoiwasha," akasema, "kuna maandishi yanatokea kwanza, nabonyeza tu ili iendelee."

Kaka akapumua. "Mama, yale maandishi ndiyo jibu."

Dell ni mmoja wa watengenezaji ambao chaja zao zina sindano nyembamba katikati ya ncha. Sindano ile kazi yake si kupeleka umeme wa kuendesha mashine. Inapeleka utambulisho: mimi ni chaja ya wati kadhaa. HP nao wana ncha zenye sindano ya namna hiyo. Chaja ikiwa ya kuiga na haina utambulisho huo, au sindano ikipinda au kukatika, au waya wake mwembamba ukikatikia ndani, umeme unaendelea kuingia na kompyuta inawaka vizuri, lakini mlinzi anasema huyu simjui, betri haichajiwi. Kwenye Dell yanatokea maandishi wakati wa kuwasha, yakisema aina na wati za chaja havikutambulika. Mtoto mwenye haraka anabonyeza, anaendelea.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ilikuwa ni kuazima. Jumatatu asubuhi binti aliazima chaja halisi ya mwenzake wa darasani, mwenye laptopu ya mtengenezaji yuleyule, wati zilezile. Saa nne nikatumiwa picha ya kioo: asilimia 7, inachaji.

Jaribio hilo lilichukua dakika kumi na halikugharimu hata senti. Mwambie mwanao alifanye kabla ya kumruhusu mtu yeyote kufungua skrubu.

Jinsi ya kusoma chaja

Kwa kuwa wengi wetu tunanunua chaja pembeni, jifunze kusoma mistari miwili tu mgongoni. Mstari wa kuingia nimeshausema. Mstari wa kutoka una volti na ampea. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya kompyuta, yaani 19.5 kwa 19.5, au 20 kwa 20. Ampea ziwe sawa au zaidi. Zikizidi si tatizo, kompyuta inachukua inachohitaji. Zikipungua ndipo shida inapoanza. Zidisha volti kwa ampea upate wati: 19.5 mara 3.34 ni kama 65, na 19.5 mara 2.31 ni kama 45.

Ukiipa mashine ya wati 65 chaja ya wati 45, inaweza kuchaji ikiwa imezimwa tu, au ikachaji polepole, au ikakataa kabisa mtoto anapofungua kazi nzito. Hosteli moja inaweza kuwa na chaja ishirini nyeusi zinazofanana, na watoto wanaazimana bila kusoma.

Kompyuta mpya zinazochajiwa kwa USB-C zina mtego wake. Ncha ni ileile ya simu, kwa hiyo mtoto anachomeka chaja ya simu na kompyuta inakaa palepale. Chaja ya simu ya kawaida inaweza kuishia volti 5, wakati kompyuta nyingi zinaomba 20. Waya nao una kikomo: waya wa kawaida wa USB-C unabeba wati 60 tu hata kama chaja ina 100. Halafu si kila tundu la USB-C kwenye kompyuta linapokea umeme. Mengine ni ya kupitishia mafaili tu. Likiwepo tundu zaidi ya moja, tafuta lenye alama ya plagi au betri pembeni yake, au jaribu yote.

Tundu lililolegea

Wazazi wenye watoto wadogo wanaosomea kwenye laptopu ya nyumbani, lenu zaidi ni hili. Mtoto anaburuta kompyuta huku chaja ikiwa imechomekwa, au mtu anajikwaa kwenye waya, na tundu la kuingizia chaja, lile mafundi wa simu wanaloliita sistimu chaji, linalegea. Dalili yake ni rahisi: ukitikisa ncha kidogo taa inawaka na kuzima, au inachaji tu ukiweka waya kwa pembe fulani na kitabu juu yake.

Usiizoee hali hiyo. Ncha inayochezacheza inatoa cheche ndogo na joto, na mwisho inachoma hata kile kilichokuwa kizima. Kwanza zima, chomoa, na umulike tundu kwa tochi ya simu. Kwenye USB-C hujaa vumbi na nyuzi za begi, zinazoweza kutolewa taratibu kwa kijiti cha mbao cha meno, si kwa sindano. Kama limelegea kweli, muulize fundi kabla ya bei: tundu la mashine hii limeunganishwa kwa waya wake mdogo, au limechomelewa kwenye mazabodi? Kwenye kompyuta nyingi ni kipande kinachojitegemea, kinachomoka na kuwekwa kingine bila kugusa mazabodi, na bei yake haifanani hata kidogo na ya mazabodi.

Betri nayo huzeeka

Chaja ikiwa sahihi, tundu zima, joto hakuna, kizuizi hakuna, geukia betri. Kwenye Windows kuna njia ya kuipima isiyohitaji programu ya kununua. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Kompyuta itakuonyesha ilipoweka ripoti. Ifungue, utafute mistari miwili iliyoandikwa DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni ujazo betri iliotoka nao kiwandani, wa pili ni inachoweza kubeba leo. Kama ilizaliwa na 41,000 na leo inabeba 12,000, imechoka na hakuna mpangilio utakaoifufua. Kama namba zinakaribiana, usikubali kuuziwa betri.

Mfanye mtoto akutumie picha ya mistari hiyo kwenye simu. Huhitaji kuijua kompyuta ili kulinganisha namba mbili.

Mara chache Windows yenyewe hukosea kuisoma betri. Kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, sehemu ya betri, kuna mstari wenye neno ACPI. Ukiufuta na kuwasha upya, Windows inauweka tena yenyewe. Halina madhara, ila mimi ningelifanya baada ya kuazima chaja, si kabla.

Kuna jambo moja ambalo halina subira. Kama sehemu ya kuchezeshea kishale kwa kidole imeinuka, kama kompyuta haikai sawasawa mezani, kama mfuniko wa chini umeachana, betri imevimba. Zima, chomoa, usiichaji tena hata kwa dakika moja ya kumalizia kazi. Usiibonyeze irudi, usiitoboe. Mtoto asilale nayo kitandani. Fundi aitoe, na isitupwe kwenye shimo la taka la nyumbani tunalochoma moto. Betri hizi zinapowaka hutoa moshi wenye sumu na moto wa ghafla. Ikianza kutoa moshi ndani, toeni watu kwanza.

Ukifika kwa fundi

Kuna mafundi wazuri na waaminifu, kaka yangu akiwa mmoja wao, ingawa yeye ananidai. Fundi mzuri hakasiriki ukimuuliza. Muulize amejaribu chaja nyingine gani. Muulize amepima kwa mita volti zinazotoka kwenye ncha. Mwambie kifaa anachokitoa akurudishie, hata kama ni kibovu. Mtoto apige picha ya lebo za chini, na kama mashine bado inawaka, ahamishe kazi zake kwenye flashi kabla ya kuiacha. Bei iandikwe, hata kwenye ujumbe wa simu. Na kama jibu litabaki kuwa mazabodi, mtafute fundi wa pili asiyejua wa kwanza amesema nini.

Fundi wa Dodoma alipoambiwa tumeghairi alidai 10,000 ya kufungua. Binti akalipa, sikubishana. Alikuwa amefungua kweli.

Usiku ule tulipomaliza, kaka alikata simu, tukabaki wawili. Nilimwambia binti kwamba chaja kubaki kwenye basi ni jambo linalotokea. Nilimwambia pia kwamba kuhusu simu ya mwaka jana, pale mbele ya wageni, sikupaswa. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama mdogo wake amelipiwa ada. Nikamwambia analipiwa wiki hii.

Ripoti ilikabidhiwa Alhamisi, akitumia chaja ya kuazima usiku mwenyewe akiwa amelala. Jumamosi kaka alituma chaja halisi kwa basi kutoka Mbeya, iliyotumika, wati 65, ya shilingi 40,000. Binti alipofungua kifurushi alinipigia kwa picha ili nione. Shingo ya waya ilikuwa nzima kabisa, lakini mjomba wake alikuwa ameizungushia utepe mweusi, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na juu yake akaandika jina lake kwa kalamu nyeupe.

Nimeshamlipa 20,000. Zilizobaki amesema nisimtumie, nimpelekee mwenyewe.